Daftari la Vidonge vya Maji

Waliokuwa nami wiki iliyopita wanajua waliniacha wapi: nimesimama katikati ya gulio la Benaco, robota la mitumba miguuni, gari la matangazo linapita likisema magulio yote yamefungwa kwa sababu ya kipindupindu. Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa kifupi, halafu tuendelee na aibu zangu.

Naitwa Adelfina. Nauza nguo za mitumba kwenye magulio ya Ngara, na nikipata usafiri nafika hadi Nyakahura, upande wa Biharamulo. Kwetu ni Rwamihanda. Mwaka jana mdogo wangu Secilia aligeuzwa mlangoni pa zahanati yetu akiwa na uchungu, kwa sababu hakuwa na kadi ya bima wala kitambulisho. Akajifungulia kando ya lami, kwenye nyasi, bodaboda aliyembeba amegeukia upande wa pili. Mtoto hakulia.

Tangu hapo nikanunua daftari. Ukurasa wa kwanza niliandika ombi letu: mgonjwa kwanza, makaratasi baadaye, na iwe hivyo kwa kila mtu. Kurasa zilizofuata zilikuwa za majina, idadi ya watu wa kila nyumba, na saini. Nilisimama juu ya robota langu kwenye gulio, nikapiga kelele, watu wakaja.

Na nilishakiri kwenu uongo wangu mkubwa. Mzee Bartholomayo, Msukuma mwenye ng'ombe wengi aliyehamia kwetu kutoka Shinyanga, hataki kusikia habari za Mzee Ntakirutimana wa mlimani, kwa sababu ng'ombe wa mmoja waliwahi kulala ndani ya maharage ya mwingine. Nilimwambia kila mmoja kwamba mwenzake ameshasaini. Wakasaini wote wawili siku hiyo hiyo, kila mmoja akikimbilia asiachwe nyuma. Watu wao wakawafuata.

Basi magulio yakafungwa, nikarudi nyumbani na robota zima na daftari lenye majina arobaini na matatu. Mdomo wangu wa gulioni ukawa hauna kazi, nikabaki kupita kwa majirani.

Siku ya tatu akaja Danstan.

Danstan ndiye Bwana Afya wa kata yetu. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, mchapakazi, ila anaupenda muhuri wake kuliko wengine wanavyopenda simu zao. Aliegesha pikipiki, hakuvua hata helmeti.

"Dada Adelfina, nimeambiwa unafanya karamu."

"Karamu gani?"

"Usinizungushe. Mikusanyiko imepigwa marufuku. Hata msiba tunazika watu kumi. Wewe unapita na karamu nyumba kwa nyumba."

"Nani kakwambia?"

"Mzee Ntakirutimana. Nilimuuliza juzi Adelfina anafanya nini siku hizi, akaniambia, 'Huyo anapita na karamu na daftari.'"

Nikakaa chini nikacheka mpaka nikashika mbavu. Mzee Ntakirutimana, kama wengi wetu tulioanza na lugha za nyumbani kabla ya kukutana na Kiswahili shuleni, hatofautishi l na r. Nikaingia ndani, nikatoka na kalamu ya bluu iliyotafunwa mwisho.

"Karamu yenyewe hii hapa. Karibu ule."

Danstan hakucheka. Akavua helmeti sasa, akajifuta jasho.

"Hata hiyo ni marufuku. Watu watatu wakisimama kuandika majina, huo ni mkusanyiko. Mambo yako ya ombi weka kabatini mpaka ugonjwa uishe."

"Ukiisha mtasema tusubiri mvua ziishe."

"Dada, watu wanaumwa. Mimi sina muda wa siasa."

Hapo ndipo nilipoliona boksi lililofungwa nyuma ya pikipiki yake. Nikamuuliza lina nini. Akasema vidonge vya kutakasa maji, kimoja kwa ndoo ya lita ishirini. Nikamuuliza vinakwenda wapi. Akasema vinarudi ofisini, kwa sababu watu wamevikataa. Wanasema vinaua uzazi. Wahudumu wawili wa kujitolea walifukuzwa, mmoja kwa maneno na mwingine kwa mbwa.

Nikalitazama lile boksi. Nikalitazama daftari langu mezani.

"Nipe mimi nigawe."

"Wewe?"

"Mimi nimewauzia watu hawa makoti ya baridi mwezi wa Januari. Nitashindwa vidonge vya bure?"

Akafikiri. Aliniambia kuna masharti. Kila kaya lazima iandikwe kwenye rejista: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, na saini. Ofisi haina rejista za kutosha, na yeye hajui ataichapisha wapi.

"Usihangaike," nikamwambia. "Rejista ninayo."

Nakiri mbele yenu, hapo sikusema uongo. Daftari langu lilikuwa na jina, idadi ya watu na saini. Ukurasa wa kwanza tu ndio sikumwonyesha.

Kesho yake asubuhi nikaanza. Danstan alinipa fulana yenye maandishi mgongoni na chupa ya kupulizia mikono. Aliniambia nikae hatua nne kutoka kwa mwenye nyumba, na nisiite watu pamoja.

Mwanzoni nilijiona kama jogoo aliyefungwa mdomo. Nimezoea kusema na watu hamsini kwa mara moja. Sasa nakaa kwenye kigoda mbali na mama mmoja anayemenya mihogo, nasema naye peke yake, taratibu.

Lakini nikagundua kitu. Gulioni watu walinisikiliza, hawakuniambia lolote. Hapa uani, hatua nne, mama mmoja akaniambia alivyomchemshia mtoto wake majani wiki mbili kwa sababu aliogopa kuulizwa kadi. Mwingine akaniambia mumewe ana uvimbe ambao hata mwenyekiti haujui. Nilikuwa nimebeba daftari kwa mwaka mzima, na sikuwa nimejua lina maana gani.

Kila nyumba niliwaambia ukweli: saini hii ni ya vidonge, na ni ya ombi. Nikawasomea ukurasa wa kwanza. Anayetaka vidonge tu, aseme, ataandikwa nyuma. Nyuma waliandikwa wanne.

Tatizo lilikuwa uzazi.

"Kunywa wewe kwanza," mama wa nyumba ya kwanza akaniambia.

Nikatia kidonge kwenye ndoo yake, tukasubiri nusu saa, nikanywa kikombe. Akanitazama kana kwamba nitaanguka. Sikuanguka. Akasaini.

Nyumba ya pili wakasema hawakuniona nikinywa kule. Nikanywa tena. Ya tatu hivyo hivyo. Kufika saa nane mchana nilikuwa nimekunywa vikombe kumi na kimoja, na tumbo langu likawa linacheza kama dumu lenye maji nusu kwenye baiskeli.

Sasa fikirieni mtu mwenye vikombe kumi na kimoja atafanya nini. Niliomba choo nyumba ya nane. Nikaomba tena nyumba ya tisa. Nyumba ya kumi sikuomba, nilipita mbio. Nilipotoka nikakuta wanawake watatu wamesimama mbali, vitenge puani.

"Adelfina, unaendesha?"

"Nakojoa."

"Mara ngapi?"

"Jamani, ni maji."

Hilo neno maji ndilo lililoniponza. Dakika ishirini baadaye pikipiki ya Danstan ikafika, nyuma yake gari la wagonjwa. Nikamweleza. Akaniambia kila mgonjwa huwa na maelezo. Nikapandishwa kwenye gari na fulana yangu ya afya, na daftari nimelikumbatia, wale wanawake wananiaga kama naenda kuzikwa.

Kambi ya wagonjwa wa kipindupindu ilikuwa kwenye shule ya msingi. Walinipulizia dawa viatuni, wakapulizia na daftari, likalowa pembe. Nesi akaniuliza jina, umri, na maji nachota wapi. Akaniambia nitakaa chini ya uangalizi mpaka kesho.

Akasema vyumba vya wanawake vimejaa, akanifungulia mlango wa darasa la nne.

Ndani kulikuwa na vitanda vya kamba vyenye tundu katikati na ndoo chini. Kitanda cha dirishani, dripu mkononi, macho yameingia ndani, alikuwa Mzee Bartholomayo. Kitanda kilichofuata, umbali wa mkono mmoja, alikuwa Mzee Ntakirutimana.

Nikageuka nitoke. Nesi alikuwa ameshafunga.

"Shikamooni wazee," nikasema.

Hakuna aliyesema marahaba.

"Tumekuwa na siku mbili za kuzungumza," Mzee Bartholomayo akaanza, sauti imekwisha. "Mtu akikaa juu ya tundu karibu na adui yake, anaishiwa na kiburi. Nikamuuliza, wewe uliniwahi kusaini kwa sababu gani? Akaniambia, mimi nilikufuata wewe."

"Hapo ndipo tulipokuita jina," Mzee Ntakirutimana akasema.

"Jina gani, baba?"

"Haliandikwi kwenye daftari."

Niliinamisha kichwa. Sikuwa na pa kukimbilia, mkojo ulikuwa umenibana tena, na sikuthubutu kuomba choo mahali pale. Nikawaambia ni kweli, niliwadanganya. Nikawaambia wakitaka niyafute majina yao nitayafuta sasa hivi, kalamu ninayo.

Bartholomayo alitazama dripu inavyodondoka.

"Hawa hawajaniuliza kadi," akasema.

"Nani?"

"Nesi. Nililetwa sijitambui. Nilipoamka nikajua wataniuliza kadi. Siku ya pili leo. Mimi kadi ninayo, iko nyumbani kwenye sanduku. Hakuna aliyeitaka."

"Mimi sina," Ntakirutimana akasema. "Wala kitambulisho. Wameniwekea chupa sita kama wanamwagilia mche."

"Kwa hiyo inawezekana," nikasema.

"Ndiyo tunachokuambia, binti. Usifute."

Nilidhani nimesamehewa. Kumbe bado. Mzee Ntakirutimana akajiinua kwa kiwiko, akaniambia adhabu yangu. Kule mlimani, chini ya chemchemi, anaishi Bibi Kankindi. Mgonjwa aliyeletwa leo kutoka mlimani amesema bibi ana siku mbili hajaonekana kisimani, na mlango wake umefungwa mchana. Alivukishwa mto Ruvubu kutoka Burundi mgongoni kwa mama yake akiwa mtoto mchanga, amezaa hapa, amezika mume hapa, na hana karatasi hata moja. Hawezi kuja kambini. Atajifia ndani kuliko kuandikwa jina.

"Ukitoka kesho, huendi kwako. Unakwenda kwake," Mzee Ntakirutimana akasema. "Umdanganye, umbebe, utajua mwenyewe. Umlete hapa."

Asubuhi wakaniachia. Kipimo changu kilisema nina maji mengi.

Nilipiga hodi kwa Bibi Kankindi mara nne. Mara ya tano nikasema, "Bibi, mimi Adelfina wa mitumba. Umenunua kwangu lile sweta la kijani." Mlango ukafunguka kidogo, harufu ikanipa jibu kabla ya macho.

Alikuwa amekaa sakafuni ameegemea gunia la maharage. Midomo imepasuka. Nikamwambia twende kambini.

"Wataniandika," akasema.

"Watakuandika jina tu."

"Jina ndilo wanalotafuta, mwana wanje, mwanangu. Wakiandika jina watauliza limetoka wapi."

Nilikuwa nimejiandaa kumdanganya. Nilikuwa na uongo mzuri, wenye shangazi na padri ndani yake. Lakini yule bibi alinitazama kwa macho makavu kabisa, yasiyo na hata chozi la kulia, nikashindwa kuutoa. Nikamwambia niliyoyaona: mzee wa mlimani hana kitambulisho kama yeye, na amewekewa chupa sita. Nikamwambia na yaliyompata Secilia, yote, mpaka kwenye nyasi. Sikuwahi kumwambia mtu sehemu ya nyasi.

Akaninyooshea mkono nimwinue.

Alikaa kambini siku nne. Nilikwenda kila asubuhi mpaka kwenye uzio, nikasema naye kwa mbali. Siku ya nne alikuja mwenyewe kwenye uzio kwa miguu yake, amevaa lile sweta, akaniuliza swali.

"Adelfina, kipindupindu kikiisha, na mimi nikapata homa, watanitibu hivi hivi?"

"Hapana, bibi. Wataanza na kadi."

"Kwa hiyo nikitaka kutibiwa, nisubiri kipindupindu kingine?"

Nesi aliyekuwa anapita na ndoo alisimama. Mlinzi wa geti akageuka. Mimi nilikuwa nimezunguka na hotuba mwaka mzima, na hakuna hata moja iliyofika pale.

"Niandike," Bibi Kankindi akasema. "Niandike wa kwanza. Na uandike sina karatasi, wajue tupo."

Niliogopa. Nikamwambia majina ya watu kama yeye nitayawekea nyota ndogo pembeni, na daftari halitatoka mkononi mwangu mpaka wote wenye nyota wakae wakubaliane. Hiyo ilikuwa ahadi. Nilimwahidi mkono kifuani, tukiwa na uzio katikati, kisha nikamwandika juu kabisa ya ukurasa wa pili, namba moja, na nyota yake.

Swali lake likatembea kuliko mimi. Nilipofika nyumba niliyokuwa sijaifika, wananiambia wao: nasikia tusubiri kipindupindu kingine. Wasukuma wa bondeni wakalisema, wa mlimani wakalisema, mpaka kutoka Nyakahura nikapigiwa simu na muuza mitumba mwenzangu, akaniambia huko nako wameanza daftari lao. Wazee wangu wawili wakaruhusiwa kutoka kambini siku moja, wakashuka njia moja. Vidonge vikaisha, Danstan akaleta boksi la pili na la tatu. Wagonjwa wapya wakapungua, wakawa wawili kwa siku, kisha mmoja.

Daftari likafika kaya mia tatu na kumi na nane. Nyota zilikuwa sitini na moja.

Kisha nikaenda kisimani.

Ni kisimani tu, robo saa. Nimeacha daftari mezani, kokoto juu yake. Nilirudi nikakuta kokoto.

Jirani akaniambia Bwana Afya alipita. Nilimpigia, simu haipatikani. Nilikaa mlangoni tangu saa nne mpaka jioni, robota la mitumba nyuma yangu, nikihesabu nyota kichwani, na kila nyota ina uso.

Danstan alifika jua linaelekea kuzama, anatabasamu.

"Dada Adelfina, umeniinua. Nimelipeleka wilayani mwenyewe. Kaya mia tatu na kumi na nane, wamesema wilaya nzima hakuna rejista kama ile. Waliniuliza nani kaiandaa."

"Ukasemaje?"

Akakohoa kidogo. "Nilisema ni kazi ya ofisi yangu. Nimegonga muhuri kila ukurasa."

"Kila ukurasa?"

"Kila ukurasa."

"Ukurasa wa kwanza umeusoma?"

"Ule ni utangulizi."

"Umeusoma, Danstan?"

Tabasamu likaanza kuondoka, taratibu, kama mtu anayejikuta kaingia nyumba isiyo yake. Nikamsomea kwa kichwa, neno kwa neno. Sisi tuliotia saini tunataka mgonjwa kwanza, makaratasi baadaye. Tunataka zahanati ya Rwamihanda isimgeuze mtu yeyote tena mlangoni. Tutaendelea kudai mpaka tujibiwe.

Akakaa juu ya robota langu.

"Na chini yake nimegonga muhuri," akasema.

"Na tarehe umeweka?"

"Na tarehe."

Ningecheka. Siku nyingine ningecheka mpaka nishike mbavu. Lakini akaniuliza, "Na zile nyota? Wilayani waliniuliza nyota ni nini, nikasema ni kaya zilizopokea vidonge viwili."

Nikamwambia nyota ni nini.

Danstan akajifunika uso kwa mikono. Hakuwa mtu mbaya. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa dawa ya klorini, na nusu ya waliopona walipona kwa sababu yake. Aliponitazama, nikajua anafikiria nyumba zile zile ninazofikiria mimi.

"Labda hawataelewa," akasema.

Walielewa. Kesho yake saa tatu asubuhi, gari jeupe lilipanda kilima chetu na kusimama mbele ya nyumba yangu. Danstan alikuwa amewahi kufika, hajalala vizuri, kola imekunjamana. Akashuka mama mmoja wa makamo, miwani yenye kamba shingoni, daftari langu mkononi. Nililitambua kwa pembe iliyolowa.

"Naitwa Priscila, natoka wilayani," akasema. "Bwana Danstan, hii ni kazi yako?"

Danstan aliinyoosha kola yake. "Ni yangu."

"Na huu utangulizi?"

Akanitazama. Akautazama muhuri wake pale chini. "Na wenyewe ni wangu," akasema, sauti kama ya mtu anayetoa jino.

Priscila hakuonyesha uso wa hasira wala wa furaha. Alifungua ukurasa wa pili.

"Namba moja, mwenye nyota. Kankindi. Nyumba yake ni ipi?"

Danstan hakuijua. Akanigeukia mimi. Priscila naye akanigeukia.

Kutoka pale mlangoni paa la Bibi Kankindi linaonekana wazi. Nilikuwa nimemwahidi mkono kifuani. Uongo ukaja wenyewe, mwepesi, kama ulikuwa umekaa mlangoni unasubiri kuitwa.

"Huyo amehama," nikasema. "Alivuka kwenda Burundi juzi. Hatunaye tena."

Priscila akachukua kalamu yake, akaiweka juu ya jina.

"Pole," akasema. "Kesho Jumatano kuna kikao. Wanataka mtu mmoja wa nyota aje aseme mwenyewe, ili tujue la kufanya na hawa sitini na moja. Nilimtaka huyu, kwa sababu nesi wa kambi ameniandikia swali lake. Basi namfuta."

Nilimtazama usoni kutafuta kama ananitega. Sikuona. Sikuona pia kama hanitegi. Kalamu ilikuwa bado juu ya jina.

"Usinifute."

Bibi Kankindi alikuwa amesimama nyuma ya gari. Alikuwa ameliona gari likipanda, akashuka mwenyewe na fimbo yake, sweta la kijani limefungwa vifungo vyote.

"Habari za asubuhi, mwanangu. Kankindi ni mimi."

"Shikamoo, bibi," Priscila akasema.

"Marahaba. Hicho kikao kiko wapi?"

"Ngara mjini."

"Nitakwenda nawe sasa hivi, nisichelewe."

Alinipita bila kunilaumu, akashika mlango wa gari. Kisha akageuka. "Adelfina naye aje. Yeye ndiye anayejua kusema."

Priscila hakunifungulia mlango. Alifunga daftari, akalishika kwa mikono miwili, akanitazama juu ya miwani.

"Mama, umenidanganya kwa jina la kwanza kabisa, na mwenyewe yuko hatua kumi nyuma yangu. Jumatano wataniuliza, na mimi nakuuliza wewe sasa. Katika haya majina mia tatu na kumi na nane, ni mangapi ya kweli?"

Na hapa, ninyi mnaonisoma, nanyi niwaombe radhi. Nimewasimulia tangu mwanzo kana kwamba nawaambia yote. Sikuwaambia yote. Kuna nyumba tisa za ng'ambo ya bonde ambazo mvua ilinizuia kufika, na nilitaka daftari livuke mia tatu na kumi. Majina tisa niliyaandika kitandani kwangu, na saini tisa nikaziweka mwenyewe, kila moja kwa mwandiko wake.

Bibi Kankindi alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya gari, ananisubiri.

Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo niseme ukweli. Danstan, mwenye muhuri kila ukurasa, akanikanyaga mguu kwa nguvu zake zote.